Waksi si Dawa ya Rangi

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia kutoka Embu, Chuka na Meru



Tumeombwa tuseme machache juu ya waksi na silanti za magari. Huenda mama aliyekuja hapa kwa habari ya mbuzi wa maziwa akajiuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa maana pesa zinazoombwa ni zake pia. Vijana wetu wanaoosha magari kando ya barabara ya Embu kwenda Meru wameleta ombi: wakopeshwe kutoka kwa mfuko wa pamoja wanunue katoni za waksi na chupa za silanti. Wachuuzi wamewaambia ati gari likishapigwa polishi kisha likapakwa dawa hiyo, rangi itang'aa maradufu na jua halitaigusa kwa miaka mitano. Je, ni kweli? Sisi kazi yetu ni hii ya kuosha na kupiga polishi, basi tutajibu vile tunavyoijua kazi.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Polishi ina chengachenga laini ndani yake, kama msasa wa seremala ulio mwembamba sana. Ukisugua, unaondoa rangi kidogo ya juu pamoja na mikwaruzo iliyokuwa hapo. Waksi haiondoi kitu. Ni mafuta na nta inayobaki juu ya rangi, utando mwembamba kuliko hata utando wa maziwa yaliyopoa. Silanti hufanya kazi ile ile, ila imetengenezwa kiwandani kwa kemikali, nayo hushika kwa muda mrefu zaidi.

Sasa mng'ao hutoka wapi? Chukua karai la maji. Maji yakitulia unaona uso wako. Upepo ukiyatikisa, huoni kitu. Rangi ya gari ni vivyo hivyo: ikiwa laini inarudisha mwanga sawasawa, ikiwa na mikwaruzo inautawanya. Kwa hivyo anayeleta mng'ao ni polishi na mkono wa aliyeipiga. Rangi ikishapigwa vizuri, waksi inaongeza kidogo tu. Kwenye gari jeusi au la samawati nzito, macho makali yataona kina fulani. Kwenye jeupe, hata mwenye gari hataona tofauti.

Mtasema, mbona tumeona kwa macho yetu gari lililopakwa waksi likabadilika? Ni kweli mmeona. Lakini makopo mengi yanayoandikwa waksi yana polishi ndani. Kile kilichobadilisha rangi ni zile chengachenga. Nyingine zina mafuta mazito yanayojaza mikwaruzo isionekane, na mvua mbili tatu zikipita mikwaruzo inarudi pale pale, kama kuta zilizopakwa chokaa juu ya nyufa. Mteja anarudi akiwa amekasirika, na ana haki.

Si lazima mtuamini sisi. Jaribuni. Bandikeni utepe katikati ya boneti, pigeni polishi pande zote mbili, halafu mpake waksi upande mmoja peke yake. Ondoeni utepe, mwite mtu asiyejua mlichofanya, mwambieni achague upande uliopakwa. Tumefanya hivyo na watu kadhaa, wengi walibahatisha tu. Lakini mwageni maji! Hapo kila mtu anaona. Upande wa waksi maji yanakusanyika matone kama umande juu ya jani la nduma, na upande mwingine yanatandaa.

Basi waksi si bure kabisa. Uchafu haushiki sana, tope jekundu la murram linatoka kwa kusugua kidogo, na kusugua kidogo ni kupunguza mikwaruzo. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti hukuta kizuizi kidogo kabla ya kufika kwenye rangi, ingawa vikiachwa siku mbili juani vitapenya. Hiyo ndiyo kinga yake. Haizuii jiwe linalorushwa na pikapu ya miraa iliyotoka Maua kwa kasi. Haizuii miba ya huko Mbeere, wala mkono wa kijana anayefuta vumbi na kitambaa kikavu. Wala matone ya maji si ushahidi kwamba rangi inalindwa. Ukiosha kwa maji ya kisima yenye chumvi kisha ukaacha matone yakaukie juani, kila tone linaacha alama yake nyeupe.

Na jua? Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa sisi tunakaa pabaya kwa rangi. Ikweta inapita karibu na mji wa Meru, na miji yetu iko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari. Jua hapa lina ukali, hata siku ya baridi. Magari mengi tunayoosha siku hizi yalitumika Japani kwanza, na yana tabaka mbili: rangi yenyewe chini, na juu yake vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Dawa ya kuzuia miale ya jua imechanganywa ndani ya ile klia. Klia yote unene wake ni kama mikroni 40 au 50, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Utando wa waksi haufiki hata mikroni moja. Utazuia jua gani? Kibanda cha mabati au kivuli cha ukuta kinashinda kila chupa iliyoko dukani.

Tena kumbukeni kwamba kila ukipiga kompaundi unaila ile klia. Kwa hivyo kijana anayemshauri mteja apige polishi kila mwezi “ili waksi ishike” anamharibia mali. Polishi ni ya mara chache, pale rangi imefifia kweli. Klia ikishaanza kutoka maganda kwenye paa na boneti, hakuna waksi wala silanti itakayoirudisha. Hilo ni la fundi wa sprei, na kijana amwambie mteja ukweli huo kabla ya kushika kitambaa.

Zile gari za zamani, kama Land Rover za miaka ya 1970 na Peugeot 504 ambazo wazee hapa wamezipanda sana, mara nyingi zina rangi ya tabaka moja. Utaijuaje? Sugua polishi kidogo pembeni kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna klia. Rangi hiyo ikipigwa jua inakuwa na unga kama chaki. Ukiutoa kwa polishi, gari linafufuka, na hapo waksi inafaa zaidi kuliko kwenye gari jipya, kwa sababu rangi iko uchi. Ila gari lililotoka kupigwa sprei lisipakwe kitu mapema. Mafundi wetu hawana tanuri la kukaushia, rangi inakauka kwa hewa tu, nayo huhitaji mwezi mmoja mpaka mitatu ili itoe mvuke wote.

Wenzetu wafugaji wa nyuki wa Mbeere na Tharaka wanauliza, kwa nini tusipike waksi yetu? Nta tunayo. Swali zuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi kama 62 hadi 65 za joto, na boneti nyeusi iliyosimama juani pale Kiritiri saa nane mchana inaweza kupita hapo. Nta ikilainika inashika vumbi, gari linakuwa chafu kuliko awali. Ndiyo maana viwanda hutumia nta ya mti wa Brazil uitwao karnauba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Nta yenu iuzeni kwa watengeneza mishumaa, viatu na fanicha. Ina kazi yake na bei yake.

Sasa turudi kwa mkopo. Silanti inataka gari lililo safi, kavu, lililo kivulini, na aina nyingi hutaka lisiguswe na maji kwa saa kadhaa. Fikirieni kituo chetu cha kuosha. Matatu inakaa nusu saa, kondakta anapiga makelele, halafu inaondoka na barabara ya vumbi. Miezi ya Juni hadi Agosti manyunyu ya mlimani hayaishi. Silanti itashika wapi? Tena wiki inayofuata gari linarudi kuoshwa kwa sabuni ya unga, ambayo inang'oa waksi kama inavyong'oa mafuta kwenye sufuria. Kwa matumizi ya huku, waksi tuihesabu kwa wiki, silanti kwa miezi. Miaka mitano ni maneno ya kuuzia.

Kwa hivyo hatuungi mkono kununua katoni. Kila kikundi kianze na makopo mawili ya waksi ya kawaida, na mweka hazina aandike kila gari lililopakwa. Tuseme kopo ni shilingi 1,200 na linatosha magari 15. Hiyo ni shilingi 80 kwa gari, bila jasho la kijana. Akitozwa mteja 100 hakuna faida hapo. Waksi iuzwe kwa mwenye gari lake binafsi, anayeliweka mahali pazuri na aliyeelezwa anachonunua: usafi rahisi kwa wiki chache. Mwenye matatu aoshewe vizuri, basi.

Pesa zinazobaki zinunue ndoo mbili kwa kila kijana, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa, maana mchanga wa kitambaa ndio unaokwaruza magari mengi kuliko kitu kingine chochote. Nunueni vitambaa laini, shampuu ya magari badala ya sabuni ya unga, na mabati ya kibanda. Kibanda kiwe mbali na mto. Maji ya Rupingazi na Kathita yanaenda kwa watu wengine huko chini, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuyamwagia uchafu.

Pikapu tuliyojaribia ile boneti iko hapo nje chini ya mwembe. Upande wenye waksi tunaujua sisi. Akina mama watangulie kuchagua, halafu tutaleta ndoo ya maji.