Udaktari Bingwa na Malezi



Vijana wetu madaktari huniuliza wasomee ubingwa gani. Nami huwauliza kwanza: nani atalea watoto? Ukitoka hapa Hirbadaw kwenda kusomea ubingwa Moshi au Muhimbili, ni miaka 3 au zaidi. Tena bingwa wa uzazi huamshwa usiku wa manane. Wa ngozi mara nyingi hulala kwake.

Swali hilo tumezoea kumwachia mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84, baba siku 3. Je, malezi huisha siku ya 3?

Sisemi tukimbie zamu ngumu. Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, isingewafaa watu wetu bila wenye kukesha. Nasema mume na mke wapange pamoja. Mimi na mke wangu, sote madaktari, tulipokezana: alitangulia yeye kusoma, nikabaki na watoto, aliporudi nikaenda mimi. Nilichelewa miaka 3 kuwa bingwa, lakini watoto hawakukosa mzazi nyumbani.