Mtoto Huyu Aandikishwe Ngazi Gani? Maneno kwa Walimu wa Hisabati na Wazazi wa Kibiti na Delta



Nimeombwa kuzungumzia kisanduku kimoja katika fomu ya mashindano ya hisabati, kile kilichoandikwa «ngazi». Mwalimu hukijaza kwa dakika moja, mara nyingi bila kumwita mtoto anayehusika, kisha fomu hufungwa katika bahasha na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Mimi naona hapo ndipo linapoanza. Mtoto wa Mbwera, Kiongoroni au Maparoni huvuka maji hadi Nyamisati, akapanda gari, akalala kwa jamaa mjini Kibiti, na kesho yake akaketi mbele ya karatasi kwa saa mbili. Nafasi hiyo haimjii kila mwezi. Akikuta maswali ya mada asizowahi kufundishwa, hana cha kuonyesha, naye hatarudi akisema kwamba ngazi ilikosewa. Atarudi akisema kwamba hisabati si yake. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao timamu, wakilirudia neno hilo juu ya nafsi zao, na kila nilipouliza lilianzia wapi niliambiwa ni siku moja tu.

Wengi wetu huamini kwamba jibu ni jepesi: mtoto wa darasa la sita aandikwe darasa la sita. Kwa kawaida ni kweli, na huko ndiko kwa kuanzia. Lakini katika wilaya yetu jina la darasa halisemi mambo yote. Wapo watoto ambao familia zao huhamia madungu wakati wa kilimo cha mpunga, na ndege wa shambani huwala siku zao za masomo kama wanavyokula mpunga wenyewe. Wapo walioingia shule kwa njia ya MEMKWA, wakubwa kuliko wenzao wa dawati moja. Wapo waliorejea masomoni baada ya kukatiza, kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Ukiwapanga kwa umri au kwa urefu, utakuwa umewapanga kwa historia ya nyumbani kwao, na hesabu wanazozijua hutaziona.

Kisha kuna mtaala. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, ukaanza na baadhi ya madarasa, likiwamo la tatu. Watoto wale wa darasa la tatu watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, mwaka ule ule ambao walio mbele yao watamaliza darasa la saba. Vikundi viwili, majina mawili ya darasa, mihtasari miwili, na mlango mmoja wa kutokea. Karatasi ya zamani yenye kichwa «Darasa la Saba» haiwezi tena kuchukuliwa kama ilivyo na kupewa mtoto yeyote anayekaribia kumaliza. Anayepanga ngazi sharti aifungue karatasi, asome mada zake moja moja, aulize: hii amefundishwa? Na hii?

Wenzetu wa mbali wamelifikiria jambo hili muda mrefu. Mashindano ya Kangaroo, yaliyoanzia Ufaransa mwaka 1991, huweka madarasa mawili mawili katika karatasi moja. Yale ya Marekani yaitwayo AMC huweka dari: karatasi ya AMC 10 ni ya mwanafunzi wa darasa la kumi au la chini yake, na umri wake nao una kikomo. Mtoto mdogo aweza kupanda na kufanya ya wakubwa; mkubwa hawezi kushuka na kufanya ya wadogo. Naipenda kanuni hii, na naomba kamati yetu iishike bila huruma. Shule inayomficha kijana wa kidato cha tatu katika karatasi ya kidato cha pili ili ipate kikombe imemnyima mtoto wa shule nyingine haki yake, nayo imemfundisha kijana wake mwenyewe kwamba ushindi hupatikana kwa kuinama ili uonekane mfupi.

Sasa, ni nani apandishwe? Hapa naomba mnivumilie, maana nitatumia mifano miwili ya kwetu.

Wa kwanza ni wa boriti. Jahazi limepakia boriti za mikoko, zilizokatwa kwa kibali (nalisema hili mbele ya Waheshimiwa), zaidi ya korija moja na pungufu ya korija nne. Zikipangwa tatu tatu, inabaki moja. Nne nne, inabaki moja. Tano tano, inabaki moja. Ni boriti ngapi? Mtoto aliyefundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika hupata 60, akaongeza ile moja iliyobaki: 61, yaani korija tatu na boriti moja. Swali hili lina fumbo, lakini chombo cha kulifumbulia kimo mkononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Akilikosa, hiyo si sababu ya kumshusha ngazi. Ni sababu ya kumpa mazoezi mengine ya namna hiyo.

Wa pili ni wa mashua. Mashua ya mashine yashuka na maji yanayokupwa, kilomita 12 kwa saa 1. Kurudi njia ile ile, kinyume cha mkondo ule ule, yatumia saa 2. Mkondo una kasi gani? Mwanafunzi wa sekondari ataandika milinganyo miwili na kuitafuta kasi. Lakini mtoto wa nahodha, ambaye hajawahi kuona herufi ikisimama badala ya namba, aweza kusema hivi: kwenda ni 12 kwa saa, kurudi ni 6, kwenda maji yaliongeza, kurudi yalipunguza, basi tofauti ya 6 ni mkondo mara mbili, mkondo ni kilomita 3 kwa saa. Mtoto huyo, Ndugu Mwenyekiti, ndiye wa kupandishwa. Amekifua chombo mwenyewe kabla ya kukabidhiwa. Yule aliyekariri hatua za milinganyo kwa sababu kaka yake alimwonyesha, lakini ukibadili kilomita 12 kuwa 20 na saa 2 kuwa 4 akakwama, abaki katika ngazi yake, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kwa hiyo njia ninayoipendekeza ni hii. Chukueni karatasi ya mwaka uliopita ya ngazi anayostahili kwa darasa lake. Mpeni kwa muda kamili, chini ya mti au darasani, pasipo kumsaidia. Akiimaliza akiwa amekosa machache tu, mpeni ya ngazi ya juu siku nyingine. Msihesabu alama peke yake. Wekeni alama ya msalaba kwenye swali la mada asiyoijua, na duara kwenye swali la mada anayoijua lakini hakulifumbua. Karatasi yenye miduara mingi ni karatasi yake, hata kama amepata chini ya nusu, kwa kuwa atatoka humo akiwa amefikiri. Karatasi yenye misalaba mingi si yake mwaka huu.

Waulizeni pia ni maswali gani waliyabahatisha. Mtoto aliyewekwa juu mno hubahatisha sana, na mashindano mengi makubwa yamejengwa ili kubahatisha kusimfae. Katika AMC 10 kuna maswali 25 kwa dakika 75, kila moja na majibu 5 ya kuchagua. Jibu sahihi ni alama 6, swali lililoachwa wazi ni alama 1.5, jibu baya ni sifuri. Mwenye maswali 10 sahihi akaacha 15 anapata 82.5. Mwenzake mwenye 10 sahihi akabahatisha yale 15, kwa wastani atapata matatu zaidi, jumla 78. Yule aliyejua mipaka yake amemshinda aliyeificha.

Jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote ni lugha. Shule zetu nyingi za msingi hufundisha hisabati kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Ukimpandisha mtoto wa darasa la saba kwenye karatasi ya kidato cha kwanza, umempa mitihani miwili kwa wakati mmoja, na ule wa lugha ndio utakaomwangusha kwanza. Msomeeni swali kwa Kiswahili. Akilijibu kwa wepesi, mmejua kwamba kikwazo ni maneno. Mwacheni ashindane katika lugha anayoifikiria mwaka huu, huku mkimfundisha polepole Kiingereza cha baki, kigawe, wastani na mzingo. Kwa wa kidato cha kwanza waliokwisha kuvuka, hakuna pa kurudi. Maneno hayo yaanze wiki ya kwanza ya muhula.

Nawasihi pia mwangalie wasichana. Mvulana husimama akasema anataka karatasi ya wakubwa. Msichana huketi akisubiri aitwe. Anayepanga kwa kusikiliza sauti atawapanga wasichana chini kila mwaka. Jaribio la karatasi halina sauti, basi wapewe wote.

Wazazi, yenu ni mawili. Vyeti vya kuzaliwa vitafutwe mapema, maana mashindano ya juu hutazama umri: ile Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati humtaka mshindani awe hajatimiza miaka 20 na hajaanza chuo kikuu. La pili, mtoto akiwekwa ngazi ya chini kuliko wa jirani, msimwulize mwalimu kwa hasira. Mwombeni awaonyeshe karatasi yenye misalaba na miduara.

Kwa kamati nina ombi moja kuhusu siku. Nyakati za bamvua maji hupwa asubuhi, karibu saa nne, na mashua za delta hubaki zimekaa juu ya tope. Siku ya mashindano ichaguliwe wakati wa maji mafu, au watoto wa visiwani waje siku moja kabla na nauli yao iingizwe katika bajeti. Fomu ziko kwa Maafisa Elimu Kata. Kisanduku cha ngazi kijazwe mwisho, baada ya jaribio.