Jina la Jarida ni Mali ya Nani?



Mwaka jana mwanafunzi wa uzamili alinijia kaunta ya maktaba akitafuta makala moja kwa ajili ya tasnifu yake. Tuliifungua kwenye kompyuta. Ukaja muhtasari, na chini yake kidirisha cha kudai dola thelathini na ushei. Mwandishi wa makala hiyo alikuwa ofisini kwake, ghorofa mbili juu yetu. Nikampigia simu. Hata yeye hakuwa na nakala iliyochapishwa, na hakimiliki alikwisha kumsainia mchapishaji.

Sukari ikipanda bei dukani, mtu huvuka barabara kwenda duka la pili. Makala ya utafiti haina duka la pili. Anayehitaji matokeo fulani ya malaria hawezi kupewa makala nyingine ya bei nafuu badala yake. Mwandishi halipwi na mchapishaji, wapitiaji wa makala nao kwa kawaida hawalipwi, kisha chuo kinachowalipa mishahara ndicho kinachonunua kazi yao. Kwa hali hiyo sishangai kwamba kampuni ya uchapishaji ya Elsevier imekuwa ikibakiza faida ya zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa miaka mingi.

Nguvu hiyo ya kupanga bei wachapishaji hawaipati kwa mitambo. Programu ya kuendesha majarida ya Open Journal Systems inapatikana bure, na majarida mengi ya Afrika yanaitumia. Nguvu yao imo katika jina la jarida, na hili wanaisimu walilishuhudia mwaka 2015. Wahariri wa *Lingua*, jarida la isimu lililoanza 1949, waliitaka Elsevier iwaachie umiliki wa jina na ipunguze ada ya kuchapisha makala huria, yaani zisomwazo bila malipo, hadi euro 400. Ilikataa. Wahariri wote sita walijiuzulu, bodi ya uhariri ikawafuata, wakaanzisha *Glossa*. Wataalamu walihama, lakini jina *Lingua* lilibaki kwa kampuni, ikaendelea kulichapisha.

Huria peke yake haitoshi. Jarida la *NeuroImage* lilikuwa huria kwa msomaji, ila mwandishi alidaiwa dola 3,450 kwa makala. Aprili 2023 wahariri wake zaidi ya 40 walijiuzulu kwa sababu ya ada hiyo. Hata nusu yake ni fedha ambayo mhadhiri wetu hawezi kuitoa mfukoni. Kwa hiyo ninaposema huria nina maana ya utaratibu wa SciELO, mtandao wa majarida huria ulioanzia Brazili miaka ya 1990 kwa fedha za umma.

Sasa nije kwetu chuoni, na hapa nasema kwa uchungu. Jina lile la jarida tunalinenepesha sisi wenyewe kwenye kamati za kupandisha vyeo. Nimeona majalada yakipimwa kwa orodha ya majarida, bila mjumbe hata mmoja kufungua makala. Naomba kila mwombaji wa cheo ateue makala zake mbili, na wajumbe wazisome kabla ya kikao.

Ombi la pili ni jepesi zaidi. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuhifadhi kwenye hazina ya kidijitali ya chuo rasimu yake iliyokwisha kukubaliwa, japo pengine baada ya miezi kadhaa. Yule mwandishi wa ghorofa ya juu aliitafuta yake kwenye barua pepe za zamani, akanitumia jioni ileile. Tuliangalia masharti, muda ulikuwa umekwisha kupita. Asubuhi mwanafunzi aliipakua bila kulipa chochote.