Kampuni ya Ndege ya Bibi Wilson

Hotuba fupi iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani



Nimeombwa niseme machache kabla ya chakula, kwa hiyo sitawachelewesha. Nyote mmepata kupita Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Ni wangapi mliojiuliza Wilson ni nani? Mimi kwa miaka mingi nilidhani ni gavana fulani. Kumbe alikuwa mama mjane, Florence Kerr Wilson. Mwaka 1929 yeye na rubani Tom Campbell Black walianzisha Wilson Airways kwa ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa.

Abiria walikuwa wachache. Kilichoilisha kampuni ni barua. Ndege za Imperial Airways kutoka London zilipoanza kufika Kisumu na Mwanza mwaka 1931, mifuko ya barua ilihitaji mtu wa kuisambaza, na baadaye kuishusha hadi Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Bibi Wilson akaishika kazi hiyo. Mwaka 1937 Imperial walipohamia njia ya pwani kwa ndege za kutua majini, kampuni yake ikapewa njia ya bara, Kisumu hadi Lusaka. Campbell Black hakuyaona hayo. Alikufa kwa ajali uwanjani Liverpool mwaka 1936.

Vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ilichukua ndege na marubani, na kampuni haikufufuka tena. East African Airways iliyoanza mwaka 1946 ilikuwa mali ya serikali, nayo ikafa 1977. Uwanja ulipewa jina la yule mama mwaka 1962.

Majina ya marubani yamo vitabuni. Ya waliofyeka viwanja na kupakia mifuko ile hayamo. Mzee mmoja wa kwetu alizoea kutusimulia alivyokuwa akifukuza ng'ombe kiwanjani huku ndege ikizunguka juu ikisubiri kutua. Sisi watoto tulimcheka. Alifariki kabla sijapata akili ya kumwuliza kiwanja chenyewe kilikuwa wapi.

Basi, mwenye babu aliyefanya kazi ile, au mwenye picha ya zamani kabatini, tuonane pale mlangoni baada ya chakula. Nimekuja na daftari.