Kuchanja na Kuchukua Kuni bila Kujiumiza

Maneno yangu ya leo ni juu ya kazi isiyo na shule wala mwalimu, nayo ni kuchanja kuni porini na kuzileta nyumbani. Huenda mtu akacheka na kusema, Nani asiyejua kuchukua kuni? Lakini simama asubuhi katika njia yo yote itokayo miomboni kuja Tabora, au Sikonge, au Urambo, uwatazame wanawake wapitao na mizigo. Tazama shingo zao zilivyozama mabegani, na magoti yatetemekavyo penye mwinuko. Kisha wasikilize jioni wakilalamikia viuno. Mgongo ulioharibika hauwezi jembe mvua zinapoanza, na nyumba ya mkulima asiyeweza kulima yajulikana hali yake.

Nchi ya Unyamwezi yafaa sana kwa mazungumzo haya. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na nyaya zilipanda bara, mabegani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 27 mpaka 32, na kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni mwendo wa maili zipatazo 500. Wapagazi Wanyamwezi walisifiwa katika njia yote ile. Hawakuwa na mifupa ya chuma. Walikuwa na akili ya kazi yao. Waliondoka alfajiri, na jua lilipokuwa kali walikwisha piga kambi. Kila mtu alijua mzigo wake, na ulipozidi kipimo aligomba na mnyampara mbele ya watu wote bila haya.

Tena walikuwa na hila moja ambayo nataka mwishike vizuri. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, wakati mji ulipoitwa Kazeh, alieleza jinsi robota za nguo zilivyofungwa. Zilikazwa kwa fito, na ncha za fito zikaachwa zitokeze nje. Mpagazi alipochoka hakuutupa mzigo chini. Aliusimamisha juu ya ncha zile, akauegemeza mtini, akajinyosha na kuvuta pumzi. Alipotaka kwenda, aliingiza bega lake chini ya mzigo akaondoka, pasipo kuinama. Kwa maana kutembea na mzigo ni jambo moja, na kuuzoa kutoka chini ni jambo jingine, na mara nyingi hilo la pili ndilo liumizalo kiuno.

Basi mwenye kufunga mtita wa kuni na afanye vivyo hivyo. Achague miti miwili mirefu, migumu, aiweke katikati ya mtita, na ncha zake zitokeze kiasi cha mkono mmoja. Au atafute kichuguu chenye kimo cha kiuno, nacho hakikosekani katika miombo yetu, afungie kuni zake juu yake, wala si chini. Kutoka pale mzigo wahama tu kwenda begani au kichwani. Kama hapana kichuguu wala gogo, basi mngoje mwenzio akutwike, nawe umtwike. Atakayelazimika kuinua peke yake achuchumae karibu kabisa na mzigo, mgongo ukiwa umenyoka, auvute kifuani, ainuke kwa nguvu za mapaja. Asiuzungushe mwili huku ameinua. Kama ataka kugeuka, ageuze miguu.

Sasa tuseme habari ya uzito. Mti mbichi una maji mengi ndani yake, pengine karibu nusu ya uzito wote. Mwanamke achukuaye kuni mbichi achukua kuni na mtungi wa maji asioweza kuunywa! Na akifika nyumbani, moto wamlipa moshi machoni na kifuani. Yafaa kukata mapema, mvua zinapokwisha, mwezi wa Mei au Juni, na kuacha kuni zikauke porini hata Agosti. Lakini angalieni moto wa pori, ambao kila kiangazi hupita katika nyasi. Zipangeni kuni juu ya mawe au magogo, mfyeke nyasi pande zote, hatua kadhaa. Na siku ya kuja kuzitwaa, zigongeni kwanza kwa fimbo ndefu, kwa kuwa nyoka na nge hupenda kulala mle.

Katika kuchagua mti, msifanye kiburi. Mti mnene ni sifa kwa fundi wa mbao, bali kwa mwenye kuni ni taabu tupu. Matawi yaliyokufa na miti ya unene wa kifundo cha mkono hukatika upesi, hukauka upesi, na hayahitaji kupasuliwa. Miombo ikikatwa chini kwa pigo safi, bila kung'oa kisiki, huchipua tena, na baada ya miaka kadhaa mtu aweza kurudi kwenye kisiki kile kile. Mninga uacheni, mbao zake ni mali. Na mti wenye mzinga wa nyuki una mwenyewe. Ulizeni kwanza serikali ya kijiji msitu upi waruhusiwa na upi ni hifadhi, maana mzigo ulionyang'anywa njiani ni jasho lililopotea.

Shoka butu huumiza kuliko shoka zito. Mtu hupiga mara kumi pale ambapo pigo tatu zingetosha, na kila pigo larudi begani. Chukua kinoo pamoja nawe porini, unoe kila unapopumzika. Tazama pia kichwa cha shoka kama kimekaza katika mpini. Simama miguu imeachana, na gogo lililolala liwe kati yako na pigo, yaani ukate upande wa pili, ili shoka likiteleza lisikutane na mguu. Usipige wima, piga kwa mshazari, huku na huku, mpaka utoke mlango mpana wa vibanzi. Acha uzito wa chuma ufanye kazi, nawe uuongoze tu. Wengi hukaza mikono kana kwamba wamkaba adui, na jioni vidole havifumbi. Gogo gumu lipasuliwe kwa kabari. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo, nao hawakutaja siku ya mwisho.

Je, mtu achukue kiasi gani? Mwaka 1986 wataalamu waliwapima wanawake wa Kenya, Waluo wachukuao kichwani na Wakikuyu wachukuao kwa ukanda wa paji la uso. Waliona ajabu: wanawake wale waliweza kutembea na mzigo wa sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 55, basi, ni kilo 11. Ulipopita kipimo hicho, kila kilo ilidai malipo yake. Wengine waliopima baadaye huko Afrika ya Kusini hawakuikuta faida hiyo kwa watu wote, na waliona kuwa shingo huumia. Kwa hiyo mwenye kuchukua kichwani aweke kata nzuri ya kitambaa au nyasi, na atazame mbele, si miguuni. Achukue mizigo miwili midogo badala ya mmoja wa kutisha. Najua njia ni ndefu na siku ni fupi. Lakini siku tatu za kulala kitandani ni ndefu kuliko safari ya pili.

Mwenye mimba, na aliyejifungua karibuni, asichukue mtita mzito kabisa. Mtoto wa shule naye apewe fungu dogo. Burton alieleza kwamba watoto wadogo wa Kinyamwezi walijizoeza kwa kubeba kijipembe begani, na kijipembe ndicho kipimo chao. Tena mtu akisikia maumivu yashukayo mguuni, au ganzi, aende zahanati, asingoje yapite.

Hapa nina neno na wanaume. Babu zetu walijivunia bega lililoota sugu kwa mizigo ya Bagamoyo, na kijana ambaye hakuwahi kwenda pwani alionekana bado mtoto. Imekuwaje leo mzigo wa kuni, ambao waweza kushinda frasila mbili, umeachiwa mke, na mume mwenye baiskeli ampita njiani? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baiskeli hiyo ina keria: funga kuni chini, sawasawa pande mbili, usukume kwa miguu ukiwa ubavuni mwake, wala usiipande penye mteremko.

Na penye ng'ombe au punda, mkokoteni mmoja waweza kuleta kwa safari moja kuni za nyumba nyingi. Panga magogo mazito juu ya mhimili wa magurudumu, ili yasimlemee mnyama shingoni wala kumwinua. Nyumba tano au sita zikipatana kukodi mkokoteni mwishoni mwa kiangazi, kila moja yaweza kuweka akiba kubwa kabla ya mvua za Novemba, wakati njia zinapoloa na kazi ya shamba inapoanza. Akiba hiyo iwekwe juu ya mawe, chini ya paa, mbali kidogo na ukuta, ili mchwa wasipande na hewa ipite.