Pointi Hazisubiri Viza

Msikilizaji wa Nakivale na Mbarara, tenisi ya kulipwa haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Sada Nahimana, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 2001, anaishi kwa raketi yake. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, alitwaa ubingwa wa Wimbledon kwa wasichana wawili wawili mwaka 2022.

Ila hesabu ya kazi hii ni kali. Mashindano ya ngazi ya chini kwa wanawake yana dola 15,000 za kugawana wachezaji wote, na nauli, malazi na kocha unajilipia. Pointi za kupanga viwango vya wachezaji nazo hudumu wiki 52 tu, kisha hufutwa. Asiyesafiri anashuka.

Sasa mfikirie binti mkimbizi mwenye kipaji pale Nakivale. Yeye anahitaji kwanza hati ya kusafiria ya mkimbizi, kisha viza, nchi baada ya nchi. Akisubiri dirishani, mwenzake anacheza. Hilo linaniuma. Wasimamizi wa tenisi nchini Uganda na wa wakimbizi wawafikishe watoto kama huyu viwanjani Mbarara, na hati zao zishughulikiwe mapema, kabla ya umri wa kushindana nje.