Mbuzi wa Februari, Baridi ya Julai

Mwezi wa Mei unakatika, na katika mabanda mengi ya Nyeri, kuanzia Mukurwe-ini na Othaya hadi Kieni, yupo mbuzi wa maziwa aliyepandwa mwishoni mwa Februari. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Huyo atazaa mwisho wa Julai, wakati ukungu umelala juu ya matuta na Mlima Kenya haujaonekana siku nenda siku rudi. Sasa nauliza, nani alimchagulia mwezi huo?

Hakuna. Alilia usiku kucha, akatikisa mkia, kulipokucha mwenyewe akamtia kamba akampeleka kwa jirani mwenye beberu. Basi.

Mbuzi huyu kwao si hapa. Alpine wa Kijerumani waliletwa Nyeri mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mradi wa GTZ, shirika la misaada la Ujerumani, wakachanganywa na mbuzi wetu wa kienyeji. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa Kenya, chenye makao yake papa hapa Nyeri. Wenzetu wa Meru walianza na mbuzi aina ya Toggenburg mwaka 1996, wakisaidiwa na shirika la FARM-Africa. Sasa, kule Ulaya mbuzi hawa hupangiwa na jua. Siku zinapoanza kufupika ndipo huingia joto, na huzaa baridi ikiwa imeisha na majani yakichipua. Kwetu, ikweta ikipita Nanyuki, mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Mbuzi haoni ishara yoyote, kwa hiyo huingia joto mwezi wowote, kila baada ya siku 21 hivi. Kazi iliyokuwa ya jua imekuwa ya mfugaji, na wafugaji wengi hawajui kwamba wameachiwa.

Tazama banda lenyewe. Sakafu ni ya mbao, imeinuliwa juu ya ardhi, na kati ya ubao na ubao kuna mwanya wa nusu inchi ili kinyesi na mkojo vianguke chini. Kwa mbuzi mkubwa hakuna mpango bora kuliko huo. Kwato hukaa kavu na minyoo hupungua. Lakini kitoto kinachozaliwa saa tisa za usiku mwezi wa Julai, kimelowa chapachapa, hupigwa na upepo unaopanda kupitia mianya hiyo hiyo. Hapo haihitajiki maradhi ya ajabu, homa ya mapafu inatosha. Kwa hiyo kichumba cha kuzalia kizibwe upande wa upepo, chini litandikwe gunia kavu, juu yake nyasi kavu, na zibadilishwe kila zikilowa. Ajabu ni kwamba mtu atakopa pesa za sindano kwa mgonjwa ambaye gunia kuukuu la mahindi lingemkinga.

Na anayemkamua mbuzi huyo wa Februari hadi leo, aache. Najua maziwa ya chai yatapungua. Lakini kiwele kinahitaji miezi miwili ya kupumzika, na vitoto tumboni hukua mbio zaidi katika wiki sita za mwisho. Mwenye pacha ndiye wa kuangaliwa sana: tumbo limejaa watoto, nafasi ya nyasi imebaki ndogo, na akilishwa nepia iliyokomaa peke yake huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake hadi anaugua, anakataa kula, analala asiinuke. Mpe chakula chenye nguvu kidogo kidogo, hadi nusu kilo kwa siku, pamoja na kaliandra, majani ya viazi vitamu na chumvi ya madini. Kaliandra hupandwa ukingoni mwa shamba wala haidai nafasi ya mahindi.

Siku ikifika utamjua. Hujitenga, huparapara sakafu, kiwele hujaa na kung'aa, na nyama za pande mbili za shina la mkia hulegea. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kutoka, mwite daktari wa mifugo, usingoje kupambazuke. Kitoto kikitoka, futa pua na mdomo. Kisipopumua, kitekenye puani kwa unyasi mpaka kipige chafya. Kitovu kichovye kwenye iodini iliyo ndani ya kikombe kidogo, maana kupaka kwa kidole hakutoshi. Kisha dang'a, ndani ya saa moja ya kwanza kama inawezekana. Kitoto cha kilo tatu kinahitaji kama mililita 300 katika siku ya kwanza, na kinga yake ya wiki za mwanzo imo humo. Kuna nyumba ambazo dang'a bado humwagwa, eti ni chafu. Heri kumwaga maziwa ya mwezi mzima.

Narudi kwa beberu, kwa sababu ndiye anayeshika tarehe. Mbuzi anayepandwa wiki hii atazaa mwisho wa Oktoba, mvua za vuli zikianza na majani yakirudi. Anayeingia joto Februari mwakani, mwache apite, usubiri. Ni vigumu, najua, hasa pale beberu ni wa kikundi na zamu yako ndiyo hiyo. Hilo ni la kuzungumzwa kikundini, daftari la tarehe likiwa mezani. Na mkishakaa, ongezeni jambo la pili: kama beberu wenu amekaa mwaka mmoja na nusu, binti zake wa kwanza wamefikia umri wa kupandwa, na baadhi yao wanalia sasa hivi. Muda wake umekwisha. Kama wenu yuko Tetu, apelekwe Othaya, wa Othaya aje Tetu, kabla ya mwezi wa Juni kuisha.